Fundi Huka na Redio ya Kukanyaga

Novemba mwaka jana tulipoteza Land Rover moja kwenye mafuriko, barabara ya Dadaab. Ijumaa ijayo, tarehe 31 Julai 1998, tunampoteza Fundi Huka Guyo, anayestaafu baada ya miaka ishirini na minne katika karakana ya shirika letu hapa Garissa. Gari lilienda bila kuaga. Fundi anaondoka mzima, anacheka, mikono bado inanuka grisi. Lakini hasara hizi mbili ni ndugu, na mimi ninayepanga safari za magari nitasema kwa nini.

Alitoka Wajir mwaka 1974 akiwa mziba pancha. Akapanda akawa fundi wa injini, kisha wa umeme, na hakuna aliyemshika mkono kumpandisha. Huzungumza Kiborana na mkewe Dahabo, Kisomali na madereva, na Kiswahili na injini. Injini ikikataa kuwaka, Kiswahili chenyewe hakichapishiki katika jarida hili.

Kazi yake kubwa ilikuja mwaka 1995. Magari yetu ya zamani yana redio ya mawasiliano, lakini ili uongee ni lazima ushike maiki mkononi na kubonyeza kitufe chake. Sasa jaribu hivyo kwenye mchanga wa Ijara, mahali sukani inataka mikono miwili na dua juu! Fundi Huka akaitazama ile swichi ya taa iliyo sakafuni mwa Land Rover kuukuu, ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Taa akazihamishia swichi nyingine. Ile ya sakafuni akaiunga na redio, na maiki akaifunga kwenye nguzo ya kioo, karibu na mdomo wa dereva. Kanyaga, sema. Achia, sikiliza.

Siku ya majaribio hakuna aliyebaki ofisini isipokuwa Hodan, mpokeaji wetu wa redio. Dereva Kulow alizunguka uwanja akipiga kelele: "Garisa, Garisa, munanisikia? Mikono yangu miwili iko kwa sukani, wallahi!" Hodan akamjibu: "Kulow, niko nyuma ya ukuta. Nakusikia hata bila redio." Tulicheka, tukapiga makofi, na kila dereva akataka gari lake liwe la pili.

Kisha tukagundua kasoro. Huku kwetu humpiti mtu njiani bila kupeana habari, na habari haziishi kwa salamu moja. Karibu na Sangailu, Kulow alisimamisha gari kumsalimu mfugaji mmoja, akapumzisha mguu wa kushoto. Juu ya swichi! Vituo vyetu vyote vya redio vikasikia: amani, watoto, mvua ilikonyesha, ngamia aliyezaa. Mfugaji akauliza, "Na bosi wenu mpya?" Kulow akasema, "Ni mtu msuri, lakini anaogopa ngamia kama deni." Meneja alikuwa amesimama nyuma ya Hodan.

Huko Ijara, wafugaji waliokuwa kwenye kituo chetu walisikia habari ya mvua, na kesho yake alfajiri walikuwa wameshahamisha ng'ombe kuelekea malisho. Meneja akataka swichi ing'olewe. Fundi Huka akaisogeza shubiri moja pembeni na kuweka taa ndogo nyekundu, iwake kila redio inaporusha sauti. Mambo yakaisha. Ngamia ndio bado wanaogopwa.

Halafu yakaja mafuriko. Magari yetu mawili yalikuwa njiani, la Kulow mbele, la Adan nyuma. Kulow alikanyaga swichi, akamweleza Hodan maji yalipofika, mikono isibanduke kwenye sukani mpaka alipopanda mahali palipoinuka. Gari la Adan halikuwa na kifaa hicho. Alitoa mkono mmoja kuchukua maiki, sukani ikazunguka, gari likaserereka majini. Adan akapanda juu ya paa la gari, na Kulow akamvuta kwa kamba kutoka hapo, Alhamdulillahi. Mpaka leo Adan husema, "Mzee Huka, ningekuwa na mkono wa tatu, gari lingekuwepo."

Magari manne bado hayana kifaa. Nimeomba mara tatu; mara tatu nimeambiwa suala linashughulikiwa. Swichi ziko stoo, Fundi alizitoa kwenye vyuma chakavu yeye mwenyewe. Gari moja ni kazi ya siku moja. Jumatatu hadi Alhamisi ni siku nne. Ijumaa ni swala na karamu ya kumuaga. Hesabu hiyo haihitaji kikao, na mvua za Oktoba hazisubiri kikao.

Fundi Huka, asante kwa kila gari ulilolirudisha barabarani na kila dereva aliyefika nyumbani kwake salama. Mungu akupe afya, mifugo minono na siku tulivu huko Wajir pamoja na Mama Dahabo. Mwenyewe umesema uko tayari kumaliza kazi hii kabla ya kwenda.

Kwa hiyo, Bwana Meneja, karamu tutaila kwa furaha, lakini Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni pako na funguo za magari manne. Nijibu hapo hapo: Fundi ayafungie vifaa, ndiyo au hapana?