Roho ya kuangusha

Mu taxi ya asubui, nyuma kulikuwa mi na bamama wawili benye habajuane. Ule munene, Mama Ndaya, alikuwa anaenda ku mutoni, kwenye banasafishaka mawe ya kuivre, ile shaba.

"Mbele nilikuwa natembea muzuri asubui," alisema. "Kisha kusimama mu mai mpaka saa kenda, mikulu inachoka, naanguka. Juma hii mara tatu. Nikianguka tena, benzangu ba kazi banatwaa mutu mwingine pa nafasi yangu."

"Munganga wa hospitali anasema nini?" mama wa pili, ule mwembamba, akauliza.

"Nilienda kwa pasteur wa kanisa yetu. Ni roho ya kuangusha. Nafunga, leo siku ya tatu, hata mai hapana."

"Mama! Kama ni roho, asubui ilikuwa wapi? Ilikuwa inalala? Ni kuchoka iyo! Mikulu inabeba mwili muzito siku muzima, na weye unaiyima chakula."

"Sasa mbona leo mikulu inatetemeka tangu ku nyumba? Pasteur anasema roho iko karibu kutoka."

"Ni njala, mama yangu."

"Weye uko mwembamba. Ukianguka, banakimbia kukuinua. Mi nikianguka, banaita batu banne, na banacheka mbele ya kuniinua."

Nilikuwa na mzaha mu kinywa. Niliumeza.

Taxi ikasimama. Benzake balikuwa pale ku mutoni, banaangalia. Mama Ndaya akaweka mukulu moya chini, akakamata mulango na mikono mbili.

"Mama, unashuka?" chauffeur akauliza.

"Nashuka," alisema. Lakini mulango hakuiachia.