Milimita Tatu za Fundi Mili

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mafundi mliofunga karakana zenu kuja hapa leo: maisha haya ni ya mtu mliyemwita Fundi Mili. Yameandikwa na mdogo wake, mwalimu mstaafu, ambaye ndiye anayeyasoma. Familia imemwonya asiingize mizaha. Atajitahidi.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa pili kati ya watano, baba dereva wa trekta na mama mkulima. Mama alisema mtoto huyu aliwahi kutembea, akachelewa kuongea, na tabia hiyo hakuiacha hadi uzeeni. Akiwa na miaka saba alifungua saa ya mezani ya baba, akaifunga tena, na skrubu moja ikabaki mkononi. Saa ilitembea vizuri tu. Alichapwa hata hivyo. Skrubu ile aliitunza kwenye kopo, na siku alipopata mshahara wake wa kwanza alirudi nyumbani, akaifungua saa na kuirudisha mahali pake, kwa sababu miaka yote hiyo ilikuwa inamkosesha raha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1972. Alihitimu Novemba 1974 katika ukerezaji wa vyuma. Huko ndiko alikopata jina. Mwanafunzi mwenzake akisema kazi imekosewa kidogo tu, yeye aliuliza, "Kidogo ni mili ngapi?" Wakamwita Mili kwa kumtania, na jina likamganda.

Januari 1975 aliajiriwa kwenye karakana ya pampu na mitambo, akakaa hapo miaka arobaini na miwili kasoro siku moja. Kazi yake ilikuwa kusaga krenki. Kwa sisi tusiojua, krenki ni ule mhimili wa chuma wenye viwiko, ulio ndani ya injini. Pistoni zinapopanda na kushuka, ndio unaogeuza nguvu zake kuwa mzunguko wa magurudumu. Alipostaafu tarehe 31 Desemba 2016, mashine yake ya kusagia ilistaafishwa siku hiyohiyo. Akaiomba. Ikapelekwa nyumbani, ikaingia stoo ya nyuma, na vitu vya stoo vikahamia chumba cha kushonea cha mkewe. Tangu hapo mkewe alikuwa akishona huku ameketi katikati ya ndoo.

Na mkewe huyo, fundi cherehani, walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1980. Walijuana kwa ovaroli iliyochanika goti. Alipomwona yule binti anakata kiraka kwa jicho tu, bila futi, alitoa rula mfukoni akapima. Kiraka kilikuwa sawasawa. Akapima mara ya pili na ya tatu. Mkewe anasema mara ya nne alikuja na washenga.

Sasa tuje kwenye injini, maana nusu ya waliopo hapa waliulizana habari zake kwa miaka mitano.

Marehemu alikuwa na pikapu kuukuu iliyokuwa ikihema kila ikiona mlima. Wengine wangetafuta injini kubwa zaidi. Yeye alisema, "Kubwa ya nini? Hiihii nitaipa pumzi." Nia yake ilikuwa kuichukua krenki ileile iliyotoka na gari na kusaga upya pini zake nne, zile zinazoshika mikono ya pistoni, kutoka milimita arobaini na nane hadi arobaini na tano. Ila asingezisaga pande zote sawa. Angebakiza chuma kingi upande wa nje, ili kitovu cha kila pini kisogee nje mili moja na nusu. Kwa hesabu hiyo pistoni ingepanda zaidi na kushuka zaidi, jumla milimita tatu. Wenzake wa zamani walimwambia ameanza kuzeeka vibaya.

Krenki ya kwanza aliiharibu mwaka 2021. Pini mbili zilitoka safi. Ya tatu, badala ya kuisogeza nje, aliisogeza ndani, na chuma kikishasagwa hakirudishwi. Kosa hilo fundi wa kawaida hawezi kulifanya, kwa kuwa hathubutu hata kuanza. Tulimuuliza ilikuwaje. Alijibu, "Nilipitiwa." Krenki ile ikawa ya kuzuia mlango wa chumba cha kushonea usijifunge, na ipo mpaka leo.

Februari 2023 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Daktari alimweleza kwamba moyo wake umepanuka na hausukumi damu ya kutosha. Marehemu alifikiri kidogo, akauliza, "Sasa daktari, wewe huwezi kuniongezea mili tatu?" Daktari alicheka. Mkewe hakucheka, wala usiku ule hakula.

Krenki ya pili aliipata kwenye gari lililogongwa, na hakukuwa na ya tatu. Wakati huo nguvu zimepungua na mikono inatetemeka. Alichoogopa ni kimoja, na alikisema waziwazi: "Nisiondoke kabla sijaisikia." Basi mkewe akaingia stoo. Mume aliketi kwenye kiti akitoa maelekezo, mke akashika magurudumu ya mashine, jicho kwenye saa ya kupimia mili.

"Nje, mama, nje! Siyo ndani."

"Nimeshona suti miaka arobaini, ndani na nje utanifundisha wewe?"

Pini nne zikatoka. Walipoifunga kwenye bloku, lile tumbo la injini, marehemu aliiba bonge la unga uliokandwa jikoni, akabandika vipande pale mikono ya pistoni inapopita karibu na chuma. Kisha mkewe akaizungusha injini kwa spana ndefu, mizunguko miwili kamili, kwa mkono. Hiyo ilikuwa sheria yake: injini isiyozungushwa mara mbili kwa mkono haiwashwi. Unga ulitoka mwembamba kama karatasi, yaani nafasi haitoshi. Wakafungua yote, wakachonga bloku zaidi, wakabandika unga tena. Wiki hiyo chakula kilichelewa kila siku, na mara mbili hakikuwepo kabisa.

Jumamosi tarehe 25 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, marehemu alibebwa pamoja na kiti chake hadi uani. Mkewe alizungusha mara mbili kwa mkono. Binti yao mkubwa akageuza ufunguo. Injini ilikohoa, ikanyamaza. Jamani, ukimya ule! Akageuza tena, ikashika. Marehemu aliweka kiganja juu ya bloku, akafumba macho kwa muda mrefu, halafu akasema, "Kilomita elfu moja za kwanza, msizidi hamsini. Injini mpya haikimbizwi." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Juzi, karatasi hii ilipokuwa ikiandikwa, mdogo wa marehemu alimuuliza shemeji yake, huyu mjane, kuhusu ile pini ya tatu. Shemeji akasema, "Ulikuja kupiga soga siku ile. Alisimamisha mashine ili akusikilize saa mbili nzima. Uliporudi kwako hakukumbuka alipoishia. Akanikataza nisikwambie, usije ukaacha kuja." Kaka, mdogo wako amejua. Na angekuja tena, leo hii.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada wawili, mdogo wake huyu, krenki moja mlangoni, na pikapu iliyomleta hapa.

Wengi mlilalamika njiani kwamba msafara unatambaa, na kuna aliyepiga honi. Tulikwenda polepole kwa heshima, ndiyo. Lakini pia binti yake alikuwa usukani na mama yake pembeni, macho kwenye mshale wa spidi, na kila ulipokaribia hamsini mama alisema, "Mwanangu, baba yako anasikia." Na kurudi tutarudi hivyohivyo. Zimebaki kilomita mia saba themanini na nane, na tutazimaliza alivyotaka.

Apumzike sasa, kwa amani, bila haraka.