Kioo Nilichokifuta

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Jumuiya, Mchungaji Patroba, Daktari Bertila pamoja na shemeji yetu, ndugu wageni waalikwa mliotoka Dallas na hata Houston, hamjambo?

Leo ni Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Ni miaka kumi na moja tangu niiache kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na sijawahi kushika maikrofoni. Shule niliishia darasa la sita, basi nivumilieni.

Daktari anastaafu. Mimi nilikuwa mfagiaji wa maabara yake ya darubini. Mle ndani kuna taa ndogo inayoigiza nyota. Mbele yake huzunguka kioo kilichopuliziwa dawa ya nywele, ile ile ya wake zetu, ili mwanga uchezecheze kama unavyochezeshwa na hewa ya angani. Halafu mtambo wa darubini hujaribu kuutuliza. Kila kioo hupimwa wiki nzima, ijulikane kinauchezesha mwanga kiasi gani.

Hayo nani alikuwa ameniambia? Ijumaa moja nilikikuta kioo kina ukungu, nikakipangusa mpaka kikang'aa.

Jumatatu nyota ilitulia tuli. Watu wakakumbatiana: mtambo umefaulu! Ndugu zangu, ningenyamaza, nani angejua? Nina watoto watano, na mama yangu kule kambini anakula kwa kazi hii. Lakini Daktari alikwisha kushika simu awaite wakubwa.

Nikamwambia, "Daktari, usipige. Kile kioo nilikifuta."

Akazima mtambo. Nyota haikutikisika hata bila mtambo; kumbe kilichoituliza ni kitambaa changu.

Twalibu, mwenzetu wa maabara, akasema, "Baba Ushindi, umefuta hewa yote ya Texas!"

Daktari peke yake ndiye aliyecheka. Kisha akaniambia, "Kalete chupa. Utapuliza wewe, tutapima wote."

Tulipuliza na kupima siku kumi na tisa. Vioo sita vilitukataa, kila kimoja siku ya pili tu, cha saba kikamaliza wiki yake na kukubali. Kwenye ripoti aliandika kwamba kosa ni lake, maana hakubandika onyo. Wasomi wangapi mnawajua wanaoandika hivyo? Na mimi tangu siku ile ndiye mpulizaji wa vioo.

Daktari, mgongo wangu umechoka, lakini mimi nakushukuru. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.

Kesho nasafiri kumwona mama. Twalibu, ile karatasi aliyoibandika Daktari kabatini kwa mkono wake, "Baba Ushindi, usifute", asiibandue mtu. Jumatatu, tarehe 28 Julai, saa moja asubuhi, nitakuja kuisoma.