Maisha ya Mzee Mtaro na Daftari la Uwanja wa Chini

Baba yetu, fundi bomba mstaafu ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Mtaro, alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkewe aliyekuwa akifua nguo za watu. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea lakini aliwahi kusema, na tangu aanze kusema hakuchukua likizo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966. Alipenda hesabu na kuchora. Kuimba kulimshinda kabisa, na mwalimu wa muziki alimpa kazi ya kushika mlango. Mwaka 1968 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1970 na cheti cha ufundi bomba. Cheti hicho hakukitundika ukutani kamwe. Alisema ukuta wetu una unyevu na yeye anajua unatokea wapi, kwa hiyo kilikaa ndani ya bahasha chini ya godoro, na bado kipo.

Januari 1971 aliajiriwa na idara ya maji, akatumika huko hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006. Alianza kwa kuchimba mitaro kwa sururu, akamaliza akiwa msimamizi wa mafundi wa kanda nzima. Hakuna bomba chini ya mitaa hii ambalo hakuwahi kulishika. Aliujua mji kwa chini, na ndiyo maana waliokuwa wakiupanga kwa juu, kwenye karatasi, walimkera sana.

Tarehe 9 Septemba 1978 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji wa sare za shule. Walijuana alipotumwa kwao kutengeneza bomba la uani. Wiki iliyofuata alirudi kulikagua, akarudi tena, na tena, mpaka babu akamuuliza, "Kijana, hili bomba litapona lini?" Baba akamjibu kwamba bomba lilishapona, mgonjwa ni yeye. Walijaliwa watoto watatu na wameishi pamoja miaka arobaini na minne.

Baada ya kustaafu akawa mkazi mwenye maoni. Kila asubuhi alisikiliza taarifa ya habari akiwa amesimama dirishani, akipokea salamu za wapita njia, redio ikiwa juu ya friji, na kila habari aliibishia kabla msomaji hajafika mwisho. Barabara kubwa ilipojengwa bila njia ya waenda kwa miguu, alisema wahandisi walitupima siku tuliyoacha miguu nyumbani. Taa za barabarani zilipowekwa upande wa benki tu, alitaka kujua sisi wa upande wa pili tumehesabiwa kuwa tumelala tangu saa ngapi. Kisha aliketi kuandika. Barua zake kwa halmashauri zilikuwa za wino wa buluu, zote zikianza, "Mimi, mkazi wa mtaa huu, nina maoni." Tumekuta nakala sitini na moja. Iliyojibiwa ni moja, ile iliyoleta kivuko cha watoto mbele ya shule ya msingi mwaka 2012. Siku kilipochorwa alikivuka mara sita, na hakuwa na safari yoyote.

Barua hizo zilipokelewa katika masijala ya idara ya mipango miji, ghorofa ya tatu, ambako binti yake wa pili ameajiriwa tangu mwaka 2010. Kazi ya binti huyo ni kupokea barua, kugonga muhuri wenye tarehe na kuzipeleka zinakohusika. Za Mzee Mtaro zilisomwa kwa sauti wakati wa chai, watu wakishika mbavu. Kwa kuwa binti anatumia jina la mumewe, hakuna aliyejua kwamba mwandishi ni baba yake. Binti naye alicheka pamoja nao.

Binti huyo ni mimi ninayesoma. Wasifu wa marehemu huandikwa kwa mbali, na nilidhani nitaweza, lakini nikiendelea kujificha nyuma ya neno "binti" nitakuwa narudia kile kile nilichokifanya ofisini. Baba mdogo alishauri kwamba mambo ya ofisi yabaki ofisini, huu ni msiba. Mama ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Andika. Baba yako alibeba kwa kupenda mwenyewe. Mimi sikuulizwa."

Tarehe 15 Agosti 2018 lilibandikwa tangazo kwamba uwanja wa chini, ule uliokuwa wazi kati ya shule na nyumba zetu, utajengwa maduka na maegesho ya magari. Mwenye pingamizi alitakiwa aliwasilishe kwa maandishi, mwisho Ijumaa tarehe 14 Septemba. Baba alijua kwamba maji yote ya mvua kutoka mitaa ya juu hutulia kwanza pale, ardhi ikiyanywa taratibu, na kwamba ukiweka lami yatatafuta njia nyingine, nayo ni vyumba vyetu. Alinunua daftari la shule, akachora mishale ya maji kwenye jalada, akapita nyumba kwa nyumba wiki tatu na magoti yake yale mabovu. Mlisaini watu 318. Wengi mlimkaribisha ndani. Fundi cherehani wa kona alimwekea kiti dukani, na mteja hakupewa nguo yake kabla ya kusaini.

Jumatatu tarehe 10 Septemba alinikabidhi daftari, kwa sababu ngazi za ghorofa tatu hakuziweza tena. Alisema hataki upendeleo, nimgongee muhuri wa mapokezi kama ninavyomgongea mtu yeyote. Niliingia nalo ofisini nimelifunika kwa kanga ndani ya mkoba. Wiki hiyo mkuu wangu alikuwa amenidokeza kuhusu cheo, na mradi wa maduka ulikuwa wake. Lakini nisikisingizie cheo peke yake. Nilitazama ile mishale ya wino wa buluu na zile herufi kubwa, "MAONI YA WAKAZI", na chini yake jina la Baba, ambalo ndilo jina langu la kuzaliwa. Nilimwonea aibu. Nilisikia kicheko cha saa nne kabla chai haijaletwa, na safari hii kikinihusu na mimi. Nikalifungia kwenye droo, nikajiambia kesho. Jumanne nikajiambia kesho. Ijumaa jioni nilifunga ofisi, daftari likiwa mle mle.

Aliponiuliza kama nimegonga muhuri, nilimjibu, "Ndiyo, Baba." Mtu huyu hakuwahi kuondoka kwenye kaunta yoyote ya serikali bila risiti mkononi, lakini kwangu hakuomba hata nakala. Alinishukuru, akasema sasa anaweza kulala.

Jumamosi tarehe 6 Oktoba mkutano wa wakazi ulifanyika katika ukumbi wa shule. Nilikuwa meza ya mbele, nikiandika kumbukumbu za kikao. Afisa wetu alitangaza kwamba halmashauri haikupokea pingamizi hata moja, na ukumbi mzima ukamgeukia Baba. Alisimama. Alinitazama, nami nikainamia karatasi, nikawa naandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Nilijua ameelewa. Angeweza kuninyooshea kidole tu na yangeishia hapo, kazi yangu ikaenda na uwanja ukapona, maana kisheria pingamizi lililokwama masijala bado ni pingamizi. Lakini alisema, "Daftari lilinipotea. Mnisamehe, ni uzee."

Maneno hayo niliyaandika kwa mkono wangu. Yamo kwenye kumbukumbu za kikao, ukurasa wa pili.

Jioni ile nilimfuata nyumbani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Usiseme popote. Wanao bado wanasoma." Nilishukuru, nikakubali upesi kabla hajabadili mawazo. Kuliko droo, kuliko uongo wenyewe, ule upesi wangu ndio unaoniaibisha mpaka leo. Mwaka uliofuata nilipandishwa cheo, na Mama alipika, na Baba alikula pamoja nasi.

Yaliyofuata mnayajua, maana ninyi ndio mliokuwepo. Ilisemekana ameuza mechi, kwamba ameahidiwa fremu moja ya duka pale chini. Mzee Mtaro akaitwa Mzee Daftari. Salamu zilikatika mlango kwa mlango. Hakuandika barua nyingine, na redio ikawa ya kusikiliza muziki. Siwalaumu. Mliambiwa na yeye mwenyewe kwamba sahihi zenu zimepotea mikononi mwake, mngefikiri nini. Aprili 2021 maji yalipoingia mpaka usawa wa madirisha na fundi cherehani akapoteza vyerehani vyake vinne, Baba, akiwa na miaka sitini na tisa, alichukua koleo akaenda kuzibua kalvati pamoja na watu waliomgeuzia mgongo. Nilimwona kupitia dirisha la gari la ofisi. Tulikuwa tumekuja kufanya tathmini, na sikushuka.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alilazwa mara tatu, na kutoka mtaani walifika kumwona watu wawili. Mwezi wa tano nilimwambia siwezi tena, nataka kusema. Aliniomba nisubiri mwanangu mkubwa amalize mitihani ya Novemba, kisha akabadilisha mazungumzo, akauliza kama kalvati imezibuliwa mwaka huu. Alifariki alfajiri ya Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, Mama akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Sikusubiri Novemba. Jumatatu wiki hii nilimpelekea mkuu wangu daftari pamoja na maelezo yangu, nikaligonga muhuri wa tarehe ya siku hiyo, 5 Juni 2023, mbele yake. Muhuri huo hauondoi lami wala haurudishi kilichosombwa na maji, na mimi kazini nitakabiliana na litakalokuja. Ofisini nimeacha nakala, na daftari lenyewe tumeliweka mezani, karibu na mlango. Kila aliyesaini atafute jina lake. Yote 318 yamo, hakuna ukurasa uliochanika.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake mmoja, na ninyi majirani. Kwa ajili yangu siombi kitu leo, siku hii ni yake. Kwa ajili yake naomba kimoja. Ni karibu miaka mitano hamjamsalimia. Kabla udongo haujarudishwa, kila mmoja amsalimie, kwa sauti, kama mlivyokuwa mkimsalimia dirishani.

Amani niliyoishi nayo miaka hii yote ilikuwa yake. Apumzike nayo.