Gilbert Cheboi Anashuka kutoka Mteremko Mkali

Baada ya miaka minane ya utumishi, Bwana Gilbert Cheboi anastaafu tarehe 30 Aprili 2019. Anaondoka akiwa amechoka, na sioni sababu ya kulificha hilo katika jarida letu. Mara mbili aliomba ruhusa ya kurudi kwao Elgeyo, Kenya, akingali na magoti ya kupandia njia ya mlimani hadi mlangoni pake. Mara mbili akaombwa abaki, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kusimama kileleni.

Alianza Al-Sulay, Riyadh, akipakua mabuti ya kutelezea ghalani. Ukumbi wetu wa theluji ulipofunguliwa, alipewa kazi ya kulinda Mteremko Mkali, ule unaowavutia wageni kwa sababu unawaogopesha. Kanuni yake ilikuwa moja: kila mgeni ashuke hatua chache kwa ubavu, kisha azipande tena. Aliyeshindwa kupanda alirudishwa chini kwa lifti.

Wapo wanaodai kwamba kanuni hiyo ilirefusha foleni tu. Nawapinga. Wanamsahau mgeni aliyekuja na vifaa vyake mwenyewe, akauliza, "Wewe mlinzi, umewahi kuteleza wapi?" Gilbert akamjibu, "Kwetu, baba, kila msimu wa mvua, na gunia la mahindi mgongoni." Mgeni akacheka, akajaribu, akakwama. Gilbert alishuka kumvuta, na goti lake la kulia halijapona vizuri tangu siku hiyo. Wiki iliyofuata mgeni yuleyule alileta watoto wake, akawapanga wapimwe mmoja mmoja.

Jeddah, alikohamishiwa kufungua tawi letu la pili, kulimchosha zaidi. Alitoka kwenye baridi ya ukumbi akaingia kwenye joto la mtaa wa Kandara, akapanda ngazi za nyumba ya kupanga huku ameshika ukuta. Tulimtania kwamba mlinzi wa mlima ameshindwa na orofa ya pili. Alicheka nasi, ila alikaa kitako kabla ya kufungua mlango.

Mwezi Februari, Duncan, mlinzi aliyefunzwa naye, alimzuia bosi wetu kileleni: "Bosi, mafi, hakuna kushuka. Panda kwanza." Bosi alipanda kwa taabu, akateremka salama, na jioni hiyo akatia sahihi ruhusa ya Gilbert. Hatimaye alikuwapo mwingine wa kusimama pale juu.

Asante, Mzee Gilbert, kwa kila mfupa ambao haukuvunjika. Daktari anasema goti litakubali mlima, mradi usiliharakishe. Tunakutakia njia kavu hadi mlangoni. Pumzika kwenye kila kona. Hakuna foleni nyuma yako.