Ludie Imatubby Keel na Mkwe Aliyesema na Dirisha

Mchungaji, ndugu wa ukoo, majirani wa Connerville, na nyote mliofunga safari kutoka Dallas, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, mimi niliyezaliwa na mdogo wake, na kwa hesabu yetu ya upande wa mama mimi ni mwanawe kama wengine, na nimeagizwa nisome polepole na nisiruke kitu, hasa yale ya Dallas, kwa sababu yamekwisha kusimuliwa katika kila jiko la wilaya hii, na kila jiko lina habari yake.

Marehemu Ludie alizaliwa tarehe 9 Machi 1919, kando ya Mto Blue, wilaya ya Johnston, Oklahoma, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Simmon Imatubby na Bi Sissie, ingawa cheti cha serikali kinasema alizaliwa tarehe 19 Aprili, ambayo bila shaka ndiyo siku karani alipopata wino, na kwa hiyo marehemu alikuwa na siku mbili za kuzaliwa na alidai keki zote mbili. Nyumbani kwao kilisemwa Kichikasha tu, lugha ya kabila letu, mezani, katika sala na katika ugomvi, na Kiingereza kilikuwa kitu cha dukani, unakikuta kwenye kaunta na unakiacha hapo hapo.

Septemba 1927 alipelekwa shule ya bweni ya serikali, ambayo familia imeomba nisiitaje, na huko alioshwa kinywa kwa sabuni ya kufulia, kwa kosa la kumwambia dada yake, kwa lugha ya mama yao, kwamba uji una wadudu. Uji ulikuwa na wadudu kweli, lakini hilo halikuchunguzwa. Alitoka mwaka 1935 akiwa na cheti cha darasa la nane, Kiingereza kilichonyooka kuliko cha walimu wake, na uamuzi mmoja ambao hakumwomba mtu ushauri, kwamba watoto atakaowazaa hawataonjeshwa sabuni ile, kwa sababu hatawapa neno hata moja la kuoshewa.

Tarehe 12 Juni 1938 alifunga ndoa na Wilburn Keel, wakajaliwa watoto wawili, Curtis mwaka 1939 na Norma mwaka 1942, na Februari 1944 Wilburn akafia vitani Italia, naye marehemu akabaki mjane wa miaka ishirini na minne, hakuolewa tena, na waliojaribu kumposa wamo humu ndani, kwa hiyo sitawataja. Kuanzia 1946 hadi 1981 alikuwa mpishi katika jiko la shule huko Tishomingo, ambako mkaguzi wa chakula alimtaka aeleze kiasi cha chumvi anachotia katika maharage, akamwonyesha kiganja, na mkaguzi akajaza fomu kwamba kiasi hicho kinaridhisha.

Uamuzi wake aliushika. Yeye na mdogo wake, mama yangu, walipotaka kuzungumza sawasawa walitoka hadi kwenye banda la kuku, na Norma, akiwa mdogo, alikuwa akijificha nyuma ya banda akisikiliza vicheko asivyojua vinamcheka nani, na akiuliza, "Mama, mlikuwa mnasema nini?" alijibiwa kwa Kiingereza, "Tulikuwa tunasema ukanawe miguu ulale."

Curtis alihamia Dallas mwaka 1958 kwa mpango wa serikali wa kuwapeleka watu wetu mijini, mpango uliotoa tiketi ya kwenda na kusahau ya kurudi, akapata kazi katika kiwanda cha ndege. Norma aliolewa tarehe 4 Novemba 1961 na Harlan Ned, kijana aliyelelewa msituni na bibi yake asiyejua Kiingereza hata cha kuomba maji, na kwa hiyo Harlan aliingia katika nyumba ile akiwa na lugha yote ambayo Norma alinyimwa, isipokuwa hakuweza kuitumia na mwenye nyumba, kwa sababu wote wawili walilelewa kwa ile kawaida ya zamani, kwamba mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani, si kwa chuki bali kwa heshima, na heshima yao ilikuwa kubwa.

Miaka ishirini na mitano waliishi ua mmoja namna hiyo, akiingia huyu yule anatoka, Harlan akikohoa mlangoni kabla ya kuingia, marehemu akivuta kitambaa cha kichwa mpaka machoni, na maneno yote yakipita kwa Norma, kwa Kiingereza, "Mwambie mume wako bomba linavuja," "Mwambie mama nimesikia," na Norma akiwa hayupo, maneno yalimwendea mbwa, ambaye alipokea habari nyingi za bomba.

Sasa nafika Dallas. Novemba 1986 marehemu alikwenda kumtembelea Curtis kwa sikukuu ya shukrani, na tarehe 25, akiwa anakoroga pashofa, ule uji wetu wa mahindi na nyama ya nguruwe, akaanguka kwa kiharusi, na alipozinduka hospitalini Kiingereza chake chote kilikuwa kimekwenda, kile cha miaka minane ya sabuni, kikabaki Kichikasha peke yake. Daktari mmoja alisema haiwezekani, mwingine akasema inawezekana, na manesi wakaandika kwamba mgonjwa anatoa sauti. Juu ya hayo kisukari kilikuwa kimeuharibu mguu wake wa kushoto, ukawa mweusi hadi karibu na goti, na madaktari wakasema ukatwe Ijumaa asubuhi, la sivyo sumu itapanda na kumuua kabla ya wiki kwisha.

Hapo watoto wake wakagawanyika. Curtis alitaka mguu ukatwe, mama aishi. Norma alisema mama hatakubali kuzikwa nusu, kwamba anamjua, kwamba atataka arudishwe Mto Blue afe kitandani kwake akiwa mzima. Curtis akamwambia, "Dada, unamzika mama angali anapumua." Norma akamwambia, "Na wewe unamkatakata kabla hajafa." Hospitali, ilipoona watoto wawili wenye haki sawa na saini zinazopingana, ikamtuma afisa wake, bwana mwembamba mwenye tai, atafute kauli ya mgonjwa mwenyewe, au kama mgonjwa hana akili timamu, athibitishe hivyo ili hakimu aamue, na kila mtu alijua hakimu hataketi kabla ya Jumatatu.

Mgonjwa alikuwa na kauli tele. Tangu asubuhi alikuwa akisema, akiwatazama watoto wake mmoja baada ya mwingine, akirudia, akipandisha sauti, mwisho akilia kwa hasira, na watoto wale walimshika mikono bila kujua anawaomba nini. Mtu pekee aliyeelewa alikuwa amesimama nje kwenye korido, kofia mkononi, akisikia kila neno, na Alhamisi mchana Curtis alimfuata akamwambia, "Shemeji, ingia." Harlan akasema, "Siwezi kuingia alipo. Unajua." Curtis akasema, "Kesho asubuhi utaweza, atakuwa hasikii."

Harlan akaingia. Aliingia kinyumenyume, akapita ukutani hadi dirishani, akasimama akiwapa mgongo watu wote, na marehemu akageuza uso upande wa pili, na Norma, ambaye hakuwa na shaka kwamba mumewe yuko upande wake, kwa kuwa njia nzima walikuja wakikubaliana kwamba mama arudi nyumbani mzima, akasema, "Muulize tu, mume wangu. Waambie anataka kwenda nyumbani."

Afisa alianza na maswali ya karatasi. Aliuliza kama mgonjwa anamjua rais, Harlan akalisema swali kwa Kichikasha kwenye kioo cha dirisha, marehemu akalijibu kwenye ukuta, na Harlan akatafsiri, "Anasema huyo hajawahi kufika kwake kula." Afisa alifikiri kidogo, akaliacha. Akauliza kama mgonjwa anajua yeye ni nani, swali ambalo katika karatasi lilikuwa na nafasi ya neno moja, na marehemu akaanza pale baba yake alipokuwa akianzia, kwa ndugu wawili, Chiksa na Chahta, waliotoka magharibi na watu wao, wakisimika mti kila jioni na asubuhi wakifuata upande ulioinamia, mbwa mweupe akiwa mbele, wakavuka mto mkuu ambao ulimmeza mbwa, hadi asubuhi moja mti ukayumba huku na huku, ndugu mmoja akasema tumefika, mwingine akasema bado, wakaachana, na waliomfuata Chiksa wakachukua jina lake, na miongoni mwao alikuwamo mama wa mama wa mama yake, na ndiye huyu aliyelala hapa, aliyewapikia watoto wa Tishomingo maharage. Harlan aliyatafsiri yote, hakupunguza, na kahawa ya afisa ikapoa. Curtis, mtu wa miaka arobaini na saba, alikuwa anasikia habari ile kwa mara ya kwanza. Afisa aliandika, "Ndiyo."

Lakini mkononi alikuwa na swali la mwisho, na hapo akaweka kalamu chini, akasema, "Bwana Ned, hamtazamani. Wewe unaongea na maegesho ya magari, yeye anaongea na ukuta. Siwezi kuandika kwamba mgonjwa anawasiliana. Geuka umuulize." Harlan hakugeuka. Norma akasema, "Wao hawatazamani, bwana." Afisa akauliza, "Kwa nini, waligombana?" Norma akasema, "Kwa kuwa hawajagombana." Afisa akachukua kalamu.

Marehemu hakujua tena Kiingereza, lakini alikuwa amekaguliwa maisha yake yote, na kalamu ikichukuliwa hivyo aliijua maana yake. Akaivuta shuka akajifunika uso mzima, kama alivyokuwa akivuta kitambaa jikoni kwake, na Harlan alipoona kwenye kioo kwamba amefunikwa, akageuka, akakikabili kitanda kwa mara ya kwanza, macho yakiwa sakafuni, afisa akairudisha kalamu chini, na Harlan akauliza swali la mguu, akilieleza lote, kifo na maisha, na jibu likatoka chini ya shuka, fupi.

Harlan akanyamaza. Ndugu zangu, yapimeni mliyoyasimulia jikoni kwa kunyamaza huko, kwa sababu chumbani mle hapakuwa na mtu mwingine ambaye angejua alichosema mama, na Harlan angeweza kusema lolote, na mke wake alikuwa anamtazama.

"Anasema wakate," alisema Harlan.

"Unasema uongo," alisema Norma.

"Anasema wakate, Norma, kwani yeye hatembelei ulimi, na ana maneno hajayamaliza."

"Harlan Ned, tangu lini wewe unamjua mama yangu kuliko mimi?"

Afisa akaomba mgonjwa athibitishe kwa ishara, Harlan akaipeleka habari kitandani, na mkono ukatoka chini ya shuka, ule mkono wa chumvi, ukashuka hadi kwenye mguu wa kushoto, ukasugua juu ya goti mbele na nyuma kama msumeno, kisha ukamtisha kwa kidole daktari aliyesimama kando ya kitanda, kwamba asipite hapo. Hakuna aliyehitaji mkalimani. Norma alitoka nje, na Harlan alipomfuata alimwambia, "Miaka arobaini na minne mimi ni mwanawe, na leo nimemsikia kupitia kwako. Usiniguse."

Mguu ulikatwa Ijumaa tarehe 28. Curtis alidai ukabidhiwe familia, ikahitajika hati ya kusafirisha sehemu ya marehemu ambaye si marehemu kutoka Texas hadi Oklahoma, hati ambayo haipo, kwa hiyo Harlan aliuweka kwenye gari akaondoka nao, ukazikwa katika uwanja huu wa kanisa, na leo mwenyewe anaufuata, mzima, kama Norma alivyotaka.

Marehemu aliishi miaka minane na miezi mitano baada ya hapo, na Kiingereza hakikurudi, na ile kawaida haikuvunjwa, kwa hiyo bomba lilipovuja alimwambia Norma kwa Kichikasha, na Norma akasimama katikati ya ua bila kujua amebeba nini. Mwanzo alibeba sauti tu, akiikimbiza kwa mumewe kabla haijamwagika, na kurudi na jibu asilolielewa, na mama akilisahihisha, "Rudi kamuulize, hilo neno uliloniletea ni bata." Alilia, alikasirika, mwaka mzima hakusemezana vizuri na Harlan ila kwa mambo ya mama, na mwaka wa pili mama alimwambia jambo la kuchekesha kuhusu mchungaji wa wakati ule, na Norma akacheka kabla ya kulifikisha.

Kuanzia Aprili mwaka huu figo za marehemu zilishindwa, akakataa mashine, safari hii akimwambia Norma mwenyewe, na Norma akamwambia daktari, na daktari akaandika. Jumapili tarehe 14 Mei 1995, mchana, alimwita Norma akasema naye kwa muda, mlango ukiwa wazi, Harlan akiwa uani upande wa pili wa nyumba, mahali anapostahili kuwa, kisha akafariki, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na mdogo wake mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa hospitali ya mji wa Ada, majirani walioleta kuni na mahindi, wanawake waliokesha na sufuria za pashofa, wapishi wenzake wa Tishomingo, na yule afisa wa Dallas, popote alipo, kwa kurudisha kalamu chini. Inamshukuru pia Harlan Ned, ambaye leo amekaa mstari wa nyuma kabisa, na tunaomba asisogezwe mbele.

Mwisho, familia inawaomba msimuulize Norma mezani mama alimwambia nini Jumapili ile, na hapa nawaangalia shangazi zangu wa Sulphur. Norma alipotoka nje, Harlan alimuuliza, kama ilivyokuwa desturi kwa miaka yote ile, "Ameniagiza nini?" na Norma akamjibu kwa Kichikasha, bila kutafuta neno, "Hakukuagiza. Haya ni yangu."

Pumzika kwa amani, mama, umeyamaliza.