Daktari Aliyetufundisha Kusalimia Dari

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulaza watu na, la muhimu zaidi, kuwaamsha, daktari wetu wa usingizi anastaafu. Kwenye barua za ofisi ana vyeo virefu. Kwetu katika chumba cha upasuaji anaitwa Salimia Dari, na hata mkewe akipiga simu humuulizia kwa jina hilo.

Alianza kazi tukiwa na mashine moja tu ya kupumulia, tena yenye kiburi. Wengi wa wataalamu wetu wa usingizi wamepita mikononi mwake. Huimba vibaya na haambiliki, na chai yake hupoa kila siku kwa sababu habanduki kichwani pa mgonjwa.

Jina lake lilitokana na dawa ya kulegeza misuli. Dawa hiyo humrahisishia kazi mpasuaji, lakini hulegeza pia misuli ya kupumua, ndiyo maana mgonjwa huwekewa mrija kooni na mashine ikampumulia. Dawa ikibaki kidogo mwilini baada ya upasuaji, mgonjwa hufumbua macho akaonekana mzima, kumbe koo bado limelegea. Mrija ukitolewa hapo, njia ya hewa inaweza kuziba. Kwa hiyo, juu ya vipimo vya mashine, kila mgonjwa huambiwa ainue kichwa asalimie dari. Asiyesalimia hatolewi mrija.

Mimi muuguzi wa chumba hicho nililielewa vizuri zaidi siku ya shangazi yangu, fundi anayeshona mashuka ya hospitali hii. Alikuwa na pumu, na alikuja kutolewa mawe ya nyongo. Daktari alipokwenda wodini kumsalimia, alimtania mpaka akacheka, na katika kicheko akasikia kifua kinapiga mluzi. Kumbe shangazi aliiacha dawa yake ya kuvuta nyumbani makusudi. Alipoulizwa, alishangaa: "Si mmesema mtanipa ya kulegeza? Nikajua na kifua kitalegea humo humo!"

Wodi nzima ilicheka, ila daktari alivuta kiti. Alimweleza kwamba misuli inayobana vijia vya hewa mapafuni ni ya aina nyingine, haiitii dawa ile, na baadhi ya dawa za kulegeza huweza hata kuichokoza ibane zaidi. Akaahirisha upasuaji mpaka kifua kitulie, akachagua dawa isiyo na uchokozi huo.

Siku yenyewe ilipofika, upasuaji ulikwenda salama. Shangazi akafumbua macho, akanitambua. Mpasuaji alikuwa na mgonjwa mwingine mlangoni, na mimi nilishashika mkasi wa kukata plasta ya mrija. Daktari akamwambia asalimie dari. Kichwa hakikunyanyuka. Niliogopa sana, sifichi. Yeye alimwongezea dawa ya kuondoa ulegevu, akaimba wimbo wake mbovu na kusubiri, bila kumtazama mtu usoni. Kisha shangazi akainua kichwa, akakishikilia hewani, na mrija ukatoka. Neno lake la kwanza lilikuwa kuomba wimbo ukome.

Shangazi bado anashona. Shuka la zawadi atakalopewa daktari leo ni kazi yake, na amekataa katakata kulipwa.

Daktari, asante kwa kukataa kuharakishwa. Tunakutakia maisha mema na chai ya moto. Kila asubuhi ukiamka, inua kichwa, utusalimie dari.